Uzi: Bakteria wa udongoni ana ugomvi gani na saratani ya binadamu?

#1 Mkonge_Mbichi
Wakuu, salaam. Niko Tanga mjini, Chumbageni. Jana kwenye baraza la kahawa Ngamiani mzee mmoja, mtu wa heshima zake, alitoa kauli iliyozima mazungumzo ya mpira: ile dawa ya kumwaga madimbwini kuua viluwiluwi wa mbu, inayotoka kiwanda cha Kibaha, inaua pia saratani, na Wajapani wamekwisha kuthibitisha. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu baba yangu mdogo anaumwa ini, na kwenye kundi la familia kuna mtu ameshaanza kuulizia bei ya dumu.

Nikaingia mtandaoni kutafuta. Nilichokuta ni kwamba mzee hakutunga yote. Kuna bakteria anaitwa Bacillus thuringiensis, wengi humwita Bt, na baadhi ya aina zake hutengeneza protini inayoua seli za saratani za binadamu na kuziacha seli zenye afya. Sasa swali langu si la dawa tu. Huyu ni bakteria wa udongo. Anaishi kwenye vumbi la ghala, kwenye majani, kwenye mizoga ya viwavi. Hajawahi kukutana na ini la mtu. Ana ugomvi gani na saratani yetu mpaka ajitengenezee silaha yake? Wajuzi njooni.

#2 Kahawa_Chungu
Nimekaa. Huyo mzee namjua, ndiye aliyetwambia treni ya Arusha inarudi "Jumatatu hii", na Jumatatu zenyewe tumeacha kuzihesabu.

#3 Pweja_Mkavu
Kila mwezi saratani inapata dawa mpya mtandaoni na kila mwezi tunazika. Napita tu.

#4 Nesi_Mstaafu
Mkonge mwanangu, kabla ya wajuzi hawajaja: hilo dumu lisinunuliwe. Mgonjwa wa ini apelekwe hospitali ya Bombo apimwe, na daktari akiona inafaa atampa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Ini lililochoka halitaki kujaribiwa vitu. Haya, endeleeni.

#5 Sahani_ya_Maabara
Nafanya kazi maabara, si ya saratani, lakini hili la Bt nimelifuatilia miaka. Mzee wa kahawa amechanganya ndugu wawili wa ukoo mmoja.

Wa kwanza ni Bt israelensis. Aligunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev, kwenye dimbwi lenye viluwiluwi waliokufa. Huyu ndiye wa dawa ya mbu, na kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa utaalamu wa Wakuba kinatengeneza dawa za jamii hiyo. Kiluwiluwi akimla, fuwele za protini ambazo Bt huzitengeneza ndani yake zinayeyuka tumboni mwa kiluwiluwi kwa sababu utumbo wake una alikali, vimeng'enya vinazikata, halafu vipande vinatoboa kuta za utumbo. Kwisha habari yake. Tumbo la mtu ni la asidi na halina vipokezi vya sumu hiyo, ndiyo maana dawa inamwagwa kwenye maji bila hofu.

Wa pili hana jina la biashara. Mwaka 1999 watafiti wa Kijapani walichapisha kazi moja ya uvumilivu wa ajabu: walichukua aina 1744 za Bt, 1700 kati ya hizo zimeokotwa Japani kwenyewe, wakapima protini zake moja moja. Kwanza wakaondoa zote zinazopasua chembe nyekundu za damu. Zikabaki 1684. Hizo wakazipima kwenye seli za saratani ya damu. Zilizoua ni 42. Kisha wakachagua tatu, wakazisafisha fuwele zake, wakakuta haziui mbu wala viwavi wa vipepeo na nondo. Mbili kati ya hizo zilitofautisha seli ya saratani ya damu na seli ya kawaida ya aina hiyohiyo. Protini hizi baadaye zikapewa jina la parasporini.

Kwa hiyo Mkonge, inayoua mbu siyo inayoua saratani. Na ile ya mbu ina protini moja ndani yake ambayo ikiyeyushwa maabara inapasua chembe nyekundu za damu, yaani ingekwama kwenye chujio la kwanza kabisa la Wajapani.

#6 Kahawa_Chungu
Uzi umeisha kwenye posti ya tano. Mods fungeni.

#7 Mbishi_wa_Duga
Haujaisha. Sahani ameeleza vizuri lakini hajagusa swali. Jamaa kauliza KWA NINI. Bakteria haui mdudu, hapasui damu, anaua saratani ya mtu. Kwa nini?

#8 Sheikh_Mdogo
Assalaam alaykum. Mtume (s.a.w.) katufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Wengine wanaijua, wengine hawaijui. Sioni cha kushangaza.

#9 Mbishi_wa_Duga
Sheikh, hapo umejibu nani kaiweka. Sisi tunauliza bakteria anaitumia kwa kazi gani siku za kawaida.

#10 Sheikh_Mdogo
Hilo sasa muulize bakteria.

#11 BintiRaskazone
😂😂 Sheikh kamaliza.

Nasoma famasia, naomba kuongeza. Kwenye #5 kaka Sahani amesema parasporini kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Zipo kadhaa na hazina undugu wa karibu, na kila moja ina mahali pake.

Parasporini-1 inaua seli za HeLa (saratani ya shingo ya kizazi) pamoja na za damu. Parasporini-2 ni kali mno kwa seli za saratani ya ini zinazoitwa HepG2, lakini HeLa inazigusa kwa shida. Parasporini-3 inachagua zaidi, katika zilizopimwa iligusa aina mbili tu. Hata namna ya kuua ni tofauti. Namba mbili inatoboa matundu kwenye utando wa seli. Namba moja haitoboi: inafanya kalsiamu iingie kwa wingi kutoka nje, na seli inajiua yenyewe. Kwa hiyo tukiuliza "kwa nini inaua saratani" tunauliza maswali manne au matano kwa mpigo mmoja, na huenda kila moja lina jibu lake.

#12 Pweja_Mkavu
Seli za HeLa? Na mimi nazitaka, mwisho wa mwezi bado mbali.

#13 BintiRaskazone
@Pweja hizo HeLa ni kifupi cha jina la Henrietta Lacks, mama wa Kimarekani mweusi. Madaktari wa Baltimore walichukua kipande cha uvimbe wake mwaka 1951 bila kumwomba ruhusa, yeye akafariki mwaka huohuo, seli zake zinagawanyika mpaka leo dunia nzima. Watu wamepata hela kweli, watoto wake walichelewa sana hata kuambiwa.

#14 Pweja_Mkavu
Duh. Basi nafuta mzaha.

#15 Mdau_wa_Lushoto
Habari za jioni. Nijuavyo mimi Bt ni ugunduzi wa Mjerumani, mwaka 1911, kule Thüringen, ndiyo maana akaitwa thuringiensis. Wakati uleule Wajerumani walikuwa na taasisi yao ya mimea hapa Amani, Usambara. Nani ajuaye kama sampuli za huku hazikwenda huko?

#16 Sahani_ya_Maabara
Mjerumani ni Ernst Berliner, na alimpata kwenye nondo wa unga uliotoka kinuni Thüringen, si Amani. Ila hakuwa wa kwanza. Mjapani Ishiwata Shigetane alishamkuta mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri. Miaka kumi kabla. Jina tu ndilo lilibaki la Berliner.

#17 Mdau_wa_Lushoto
Sawa, lakini taasisi ya Amani ilianza 1902, hiyo hamnipokonyi. Na ua letu la Usambara ofisa wa Kijerumani alilibeba miaka ya 1890, leo liko kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Nasema tu, wakija kuchota udongo mjue mnachotoa.

#18 Kahawa_Chungu
Tulikuwa kwenye saratani, sasa tuko kwenye maua. Tanga raha.

#19 Mtu_wa_Handeni
Wakuu, mimi ni mtu wa mifugo, nimechelewa kufika kwa sababu ya mtandao. Niseme kitu kuhusu ile parasporini-2 ya dada Binti.

Umbo lake lilichorwa na wanasayansi mwaka 2009, na lilipochorwa watu wa mifugo tukalitambua. Linafanana na sumu ya epsiloni ya Clostridium perfringens. Wafugaji mtakuwa mnaijua kwa vitendo: mbuzi au kondoo mnono, ameshiba vizuri jana, asubuhi amekufa, wakati mwingine shingo imepinda nyuma. Bakteria anaishi utumboni kwa amani, mnyama akila nafaka nyingi au majani mabichi kwa ghafla anazaliana, anamwaga sumu, inapita kwenye damu mpaka ubongoni.

Sasa nauliza: kama binamu wa karibu wa protini hii kazi yake ni kuua wanyama wenye damu moto, kwa nini tunashangaa kwamba nayo inaua seli za mnyama mwenye damu moto? Huenda haina ugomvi na saratani hata kidogo. Huenda ni silaha ya utumbo wa mnyama fulani, panya au popo au nani, na saratani imeingia njiani tu.

#20 Mbishi_wa_Duga
Hii sasa ndiyo posti. Jibu la kwanza lenye nyama.

#21 Sahani_ya_Maabara
Ina nyama lakini ina mfupa. Kufanana kwa umbo si kufanana kwa kazi. Protini za umbo hilo zimetapakaa, zipo mpaka kwa bakteria wa majini wanaowaua samaki, na mwenye jina la ukoo wenyewe, aerolisini, anatoka huko. Wengine wa umbo hilo wanaua wadudu. Bakteria wanapeana jeni hizi kama majirani wanavyoazimana mbuzi ya kukunia nazi: ukiikuta nyumba fulani haikwambii nani aliinunua.

#22 Mtu_wa_Handeni
Hata anayeazima anaazima kwa sababu ana nazi ya kukuna.

#23 BintiRaskazone
🙌🙌

#24 Sahani_ya_Maabara
Haya, umenipata kidogo. Lakini nieleze upande wangu. Mimi naona jibu liko kwenye namna zilivyotafutwa. Rudini #5. Wajapani walitumia chujio: toa zinazopasua damu, baki na zinazoua saratani ya damu. Ukichuja hivyo utapata nini? Utapata protini zinazoua saratani na haziui chembe za damu! Hilo halina maana kwamba bakteria aliziunda kwa ajili hiyo. Kama wangechuja kwa minyoo ya udongoni, au amiba, au fangasi, huenda walewale 42 wangeitwa wauaji wa amiba, na uzi huu usingekuwepo. Bt wengi waliookotwa ardhini hawaui mdudu yeyote aliyejulikana. Fuwele zao zina kazi ambayo hatujaiuliza.

#25 Nesi_Mstaafu
Mwanangu Sahani, hapo nimekuelewa kuliko posti zote. Ila nina swali la kizee. Kwa nini basi haziui zile seli nzima? Amiba au si amiba, seli ya saratani na seli nzima si zinatoka kwa mtu mmoja?

#26 BintiRaskazone
Shikamoo mama. Naomba nijaribu.

Seli ya saratani hubadilisha sura ya nje. Parasporini-2 inashika protini zilizofungwa juu ya utando kwa mkia wa mafuta na sukari, mkia uitwao GPI. Mkia huo upo kwa viumbe wengi, toka hamira mpaka binadamu, kwa hiyo si alama ya saratani. Lakini idadi ya protini hizo, aina zake, na jinsi zilivyosongamana hutofautiana seli kwa seli. Penye nyingi au zilizokaa vizuri, sumu inakusanyika, inaungana vipande kwa vipande, tundu linatoboka. Penye chache hazikutani.

Parasporini-1 ni tofauti, na ina kituko chake. Watafiti walitafuta inashika nini, mwaka 2011 wakasema inashika beklini-1. Hiyo ni protini ya ndani ya seli, inayoshughulika na seli kujila takataka zake. Sasa protini ya ndani inafanya nini huko nje kwenye utando wa HeLa? Wao wanaona kwenye seli hizo inajitokeza mpaka juu. Kama ni hivyo, saratani ndiyo iliyotoa kichwa dirishani.

#27 Mbishi_wa_Duga
Kwa hiyo maelezo mpaka sasa: Handeni anasema ni sumu ya wanyama, Sahani anasema ni chujio, Binti anasema ni sura ya utando, Sheikh anasema nimuulize bakteria. Na wote hamjasema seli "nzima" zilizopimwa zilikuwa ngapi na za wapi.

#28 Sahani_ya_Maabara
Chache. Hilo ndilo tatizo ambalo watu hawalisemi. Seli za kawaida ni ngumu kufuga, zinakufa mapema. Za saratani zinakua kwenye kisahani bila kusumbua, ndiyo maana kila maabara inazo. Unalinganisha seli iliyofugwa kwenye chupa miongo kadhaa na seli iliyotolewa mwilini juzi. Tofauti ikionekana, ni tofauti ya saratani na uzima, au ni tofauti ya kuishi chupani na kuishi mwilini? Na kuna seli zisizo za saratani ambazo baadhi ya parasporini zinaziumiza. Wanaoandika vichwa vya habari hawafiki kwenye jedwali hilo.

#29 Mkonge_Mbichi
Wakuu nawafuata neno kwa neno, ahsanteni. Dumu halikununuliwa, nimebandika #4 na #5 kwenye kundi la familia na baba mdogo kesho anapelekwa Bombo. Shangazi mmoja amenijibu "hao wa mtandaoni wamesomea wapi", lakini amenyamaza.

Swali la shangazi huyohuyo: kama protini hizi zipo toka 1999, dawa iko wapi?

#30 Nesi_Mstaafu
Mungu amjalie. Aende na vipimo vyote vya zamani, wasianze upya.

#31 BintiRaskazone
Dawa ya parasporini hakuna hospitalini popote. Lakini dawa za sumu ya bakteria ZIPO, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Chukua dondakoo. Sumu yake ni balaa: watafiti walionyesha mwaka 1978 kwamba molekuli moja tu ya kipande chake kinachofanya kazi, ikiingia ndani ya seli, inatosha kuiua. Sumu hiyo haichagui saratani. Wanasayansi walichofanya ni kukata ile sehemu ya kushikia na kubandika mahali pake protini ya binadamu ambayo seli fulani za saratani zinaitafuta. Seli inaita, inapokea, inameza sumu. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, denileukini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1999 kwa saratani moja ya ngozi inayotokana na chembe nyeupe. Mwaka 2018 zikaruhusiwa mbili nyingine: moja ya sumu ya dondakoo kwa saratani adimu ya damu, nyingine ya sumu ya bakteria aitwaye Pseudomonas kwa aina nyingine ya saratani ya damu.

Hapo kuchagua kunatoka kwa fundi. Kwa parasporini kuchagua kunatoka kwa protini yenyewe, na ndiyo maana swali la Mkonge ni zuri.

#32 Mtu_wa_Handeni
Zinafanya kazi?

#33 BintiRaskazone
Kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo, tena vizuri. Lakini mbili kati ya hizo tatu zimewahi kuondolewa sokoni. Denileukini iliondoka 2014 kwa matatizo ya utengenezaji, ikarudi kwa sura mpya 2024. Ile ya Pseudomonas iliondolewa 2023. Na zina madhara: mishipa midogo ya damu inavujisha maji, mgonjwa anavimba, presha inashuka. Anayepewa anaangaliwa kwa karibu.

#34 Nesi_Mstaafu
Na chanjo je? Sisi watoto wote hapa tunawachoma dondakoo, ipo ndani ya Penta pamoja na pepopunda na kifaduro. Mtu mwenye kinga hiyo ukimpa dawa ya sumu ya dondakoo, mwili wake si utaishambulia?

#35 BintiRaskazone
Mama umegonga penyewe! Hilo ni moja ya matatizo makubwa. Wagonjwa wengi wana kingamwili dhidi ya sumu hiyo kabla hata ya dozi ya kwanza. Na hata sumu ambayo mwili haujawahi kuiona, ukiipata mara mbili tatu unaijua. Parasporini nayo ikiwa siku moja sindano, itakutana na ukuta huo.

#36 Kahawa_Chungu
Nesi kastaafu lakini sindano bado anayo.

#37 Mama_Tezi
Nimesoma kimya, naomba kuchangia kama mzazi. Mtoto wangu aliugua saratani ya damu, kati ya dawa alizopewa kulikuwa na sindano moja inayoitwa asparajinesi. Daktari alinieleza inatengenezwa kutoka kwa bakteria. Siku ya sindano hiyo tulikalishwa tukiangaliwa kwa sababu ya mzio. Mtoto yupo, anasoma, alhamdulillah. Je hiyo nayo ni sumu kama hizi? Sikuwahi kuuliza.

#38 Sahani_ya_Maabara
Hongera dada, na pole kwa mliyopitia. Hiyo ni protini ya bakteria kweli, ya E. koli, lakini haitoboi wala haimezwi na seli. Ni kimeng'enya. Inakwenda kwenye damu na kumaliza asparajini, lishe ambayo seli nyingi za mwili zinajitengenezea zenyewe. Seli za saratani ile ya watoto hazijitengenezei za kutosha, zinategemea ya kwenye damu. Ikikauka, zinakufa njaa. Ni dawa ya miongo mingi na imeokoa watoto wengi kuliko parasporini zote zilizowahi kuandikwa.

Na E. koli hakuiunda kwa ajili ya mtoto wako. Yeye anaitumia kwa lishe yake. Naona hii inanisaidia kwenye hoja yangu ya #24: bakteria ana kazi yake, sisi tumeigundulia kazi nyingine.

#39 Mtu_wa_Handeni
Inakusaidia wewe au inanisaidia mimi? Kazi ya E. koli INAJULIKANA. Ya parasporini hujaitaja bado.

#40 Mzee_wa_Pongwe
Vijana, mmesahau BCG, chanjo ya kifua kikuu. Lile kovu la begani. Madaktari wanaimimina kwenye kibofu cha mkojo kwa saratani ya mwanzo, habari zake zilichapishwa Kanada 1976. Sisi wa kichocho tunaijua saratani ya kibofu.

#41 Sahani_ya_Maabara
Mzee shikamoo. BCG ni bakteria mzima aliyedhoofishwa, haui saratani kwa sumu, anaamsha kinga ya mwili. Na saratani ya kibofu inayoletwa na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine na ile inayotibiwa kwa BCG. Lakini kwa historia upo sahihi kuileta, William Coley wa New York alianza toka 1891 kuwachoma wagonjwa wa saratani bakteria hai, baadaye waliouawa kwa joto, homa inapanda, na baadhi ya uvimbe ulipungua. Mpaka leo watu wanabishana ni nini hasa kilichofanya kazi.

#42 Pweja_Mkavu
Swali la mwisho la mjinga. Huyu Bt ana undugu na bakteria gani mwingine tunayemjua?

#43 BintiRaskazone
Kimeta. Na yule wa wali kiporo, Bacillus cereus, anayekutapisha ukiacha sufuria mezani usiku kucha. Kwa jeni wanakaribiana mno, na tofauti kubwa kati yao iko kwenye plasmidi, zile pete za DNA wanazoweza kupeana.

#44 Pweja_Mkavu
Kwa hiyo kiporo cha mke wangu ni cha ukoo wa dawa ya saratani. Leo namwambia.

#45 Nesi_Mstaafu
Mwambie ukiwa umesimama karibu na mlango.

#46 Mdau_wa_Lushoto
Sasa hoja. Wajapani walichota udongo wao, wakapata 42. Parasporini zimepatikana pia Kanada na Vietnam. Mapango ya Amboni yana kinyesi cha popo cha miaka na miaka, misitu ya Usambara ina udongo usiogeuzwa. Nani amepima? Na akipima, tulichosema #17 kizingatiwe.

#47 Mbishi_wa_Duga
Popo! Handeni alisema popo #19. Kama ni sumu ya utumbo wa mnyama, si ndipo pa kuanzia?

#48 Sahani_ya_Maabara
Kupata Bt Amboni si kazi, Bt yupo kila mahali. Kazi ni unampimia nini. Mimi ningeacha saratani kabisa. Ningechukua parasporini iliyosafishwa nikaiweka mbele ya minyoo ya udongoni, amiba, fangasi, utitiri, na seli za utumbo za wanyama mbalimbali. Atakayekufa kwa kiasi kidogo zaidi ndiye mlengwa. Nabashiri amiba.

#49 BintiRaskazone
Mimi nabashiri hakuna mlengwa mmoja. Namba moja na namba mbili hazifanani umbo wala kazi, kila moja na lake.

#50 Mtu_wa_Handeni
Mimi mbuzi. Seli za utumbo wa mbuzi ninazo, tena zikiwa bado ndani ya mbuzi. Leteni hiyo parasporini tujaribu, ila mbuzi analipwa kabla.